Kikombe cha Perisi katika Nchi ya Tepe

Siku mke wangu Perisi alipotutoka, alikuwa amelala kwenye kitanda alichokipigania mwenyewe. Naanzia hapo kwa sababu ndipo shukrani yangu inapoanzia. Miaka ya nyuma, alipokuwa diwani mpya, kamati ilikuja kukagua kituo chetu cha afya, na wajumbe wenzake wakavitazama vitanda vipya wakiwa wamesimama mlangoni, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakataka kuendelea na safari. Perisi alivua viatu, akapanda kitandani na kujilaza chali mbele ya mganga, injinia na dereva. Kitanda kikabonyea katikati, kisha mguu mmoja ukakatika. Akainuka, akajipangusa sketi, akasema, "Hivi virudi vilikotoka." Msimu mzima wa mvua ukapita kwa ubishi na vikao kabla vingine havijaja, vya chuma kizito. Basi asubuhi ile nilipokaa ubavuni pake nimemshika mkono, kitanda kilikuwa kimetulia. Hakikulia hata alipogeuzwa. Muuguzi, Sista Agripina, aliweza kumwinua na kumlaza bila kumwumiza, na kabla ya mchana kufika Perisi akaondoka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi anazozijua. Tangu hapo, kila ninapotaka kumlalamikia Mungu, kitanda kile hunijia kwanza, nikajikuta nimeanza na ahsante.

Kwa asiyemjua, Perisi Ndahani alikuwa diwani wa kata yetu, huku kwenye nchi kavu ya katikati, ambako mara nyingi tunaiona mvua kwa mbali ikiwanyeshea wenzetu. Alikuwa mjumbe wa kamati ya fedha ya halmashauri, ile ambayo kila robo mwaka hupanda magari kwenda kuona fedha za serikali zimezaa nini. Mkobani mwake hakikukosa kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Kama mradi ulikuwa wa maji, hakuusifu mpaka amekinga na kunywa. Kama ni darasa, alikaa kwenye dawati. Kama ni choo, aliingia akafunga mlango, na wajumbe wakamngoja juani wakicheka. Walimwita Mama Kikombe. "Mheshimiwa," mmoja alimwuliza siku moja, "na barabara nayo utainywa?" Akamjibu, "Barabara nitaitembea. Vumbi lake nitakuachia wewe unywe, naona una kiu ya maneno." Hayo alinisimulia jioni akipakua chakula, na mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi. "Umeonja?" akaniuliza. Ndoa yetu yote aliniuliza hivyo, maana mimi hutia chumvi kabla ya kuonja, na kila mara nilicheka nikarudisha kopo.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuja arobaini yake ilipokuwa inakaribia. Mwanangu Lameki alikuwa amesharudi kazini kwake Tabora, na nyumbani tulibaki mimi na Merina, mdogo wake marehemu. Mchana wakaja wageni wawili: Bwana Chilewa, mtendaji wa kata, na kijana nadhifu aliyetumwa na mkandarasi wa mradi wa maji wa Chinyika. Chinyika ni kijiji cha mwisho cha kata yetu, ambako wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono, wakangoja maji yajikusanye shimoni. Wageni walileta sukari, mchele, na kitu kizito kilichofungwa kwa magazeti.

"Shikamoo, Mzee Yoeli," alisema mtendaji.

"Marahaba. Karibuni, karibuni ndani."

Kijana akayafungua magazeti juu ya meza. Lilikuwa jiwe la marumaru nyeusi, na juu yake kwa herufi za dhahabu: KISIMA CHA MHESHIMIWA PERISI NDAHANI. Sikuwa nimeliona jina lake limeandikwa vizuri namna ile tangu cheti cha ndoa.

"Tumeona arobaini isipite hivihivi," alisema Chilewa kwa upole. "Siku hiyohiyo tuzindue kisima. Utepe utaukata wewe mwenyewe, mzee."

"Na kamati yake? Nilisikia nayo inakuja."

"Inakuja wiki hiyohiyo kukagua, kwa hiyo tutaunganisha. Watapita, watapiga picha, watakupa pole. Siku ya heshima kama hiyo, mzee wangu, nani atainama kuchungulia mabomba?"

Merina alikuwa mlangoni na sinia la chai. "Maji yanatoka?" akauliza.

Kijana akatabasamu. "Yatatoka, mama. Pampu iko njiani."

"Njia ipi hiyo? Mbona fedha zake zilifika bila kupotea?"

"Merina!" nikasema. "Watu wametuheshimu. Tuwe na shukrani."

Akaliweka sinia kwa kishindo. "Haya, shemeji. Shukrani nitaziosha pamoja na vyombo."

Waliondoka wakisema watangoja jibu langu jioni. Jiwe waliliegemeza ukutani, mkabala na cherehani yangu, kwa maana mimi ni fundi wa kushona na sebule yetu ndiyo ofisi. Nilijaribu kumalizia pindo la gauni la mteja, nikashindwa. Msalaba wa Perisi pale makaburini ni wa mti, na upepo wa kwetu hauchelewi kufuta maandishi. Nililitaka lile jiwe. Nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha kununuliwa, na bado swali la Merina lilikuwa limebaki ndani yangu kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo. Joto lilikuwa kali. Nikajinyoosha kwenye mkeka kando ya cherehani, macho yangu yakiwa juu ya zile herufi, na zikaanza kuelea na kuchanganyikana, nikalala.

Nikajiona natembea kwenye barabara ya lami pana kuliko zote nilizowahi kukanyaga, ikinukia upya, maua yakiwa yamepangwa pande zote ndani ya makopo yaliyopakwa rangi. Lakini barabara ile ilikuwa fupi. Ilifika pale jukwaa la hotuba lilipoishia, ikakatika kama nguo iliyopungukiwa kitambaa, na mbele yake ikawa miiba na mashimo. Nikatazama huku na huku, nikaona kwamba kila kitu cha nchi ile kilikuwa kimefungwa utepe. Kulikuwa na daraja refu lenye utepe, limesimama juu ya uwanja mkavu usiowahi kuwa na mto, na mto wenyewe ulipita kando kidogo, watu wakiuvuka kwa kushikana mikono, maji vifuani. Kulikuwa na shule yenye utepe, na nilipozunguka nyuma yake niliikuta ni ukuta mmoja tu uliopakwa rangi na kuegemezwa kwa magogo, watoto wamekaa mavumbini wakihama kila kivuli cha ukuta kilipohama. Na watu wa nchi ile walikuwa wengi, viganja vyao vimevimba kwa kupiga makofi na midomo yao imepasuka kwa kiu. Nikamwuliza mmoja, "Ndugu yangu, mnashangilia nini?" Akanitazama kwa hofu, akaninong'oneza, "Shangilia kwanza, baba. Wasije wakasema huna shukrani."

"Jina langu hilo," ikasema sauti nyuma yangu, "na sikuwapa ruhusa walitumie hivyo." Nikageuka, nikamwona mwanamke wa makamo, kanga moja kiunoni na nyingine begani, mikono yake ikiwa na unyevu kama mtu aliyetoka kufua. Hakuwa mzuri wa kushtua, lakini kumtazama tu kulinikumbusha mambo mema niliyokuwa nimeyasahau: harufu ya unga wa uwele asubuhi, jirani aliyetuletea ndoo za maji siku ya msiba bila kuombwa, mikono ya Sista Agripina. "Mimi ni Shukrani," akasema. "Hii ni nchi ya bwana mmoja anayeitwa Ubadhirifu, na mimi hapa ni mgeni kama wewe. Wamelichukua jina langu wakalifanya kitambaa cha kuzibia midomo. Mtu akiuliza, wanamwambia hana shukrani, naye hunyamaza. Twende, baba. Una miadi na bwana wa nchi, lakini kwanza nataka uone bonde moja ambalo yeye hapendi wageni walione."

Akanishika mkono, na unyevu wa kiganja chake ukaniburudisha. Tulishuka kwenye njia nyembamba iliyokanyagwa na miguu mingi, tukafika bondeni ambako hapakuwa na utepe hata mmoja wala jukwaa wala spika za muziki. Palikuwa na kijidaraja cha mawe, na juu yake mtu alikuwa anapita na baiskeli iliyobeba magunia, akipiga mluzi. Palikuwa na darasa lenye kuta nne, na sauti za watoto zilitoka dirishani zikikariri. Nilipita mlango ulio wazi nikaona kitanda cha chuma kizito na mgonjwa amelala juu yake usingizi mtulivu, nikakijua kitanda kile, nikasimama na kulia kidogo. Shukrani akaningoja bila kunihimiza. Mbele kidogo mwanamke mnene mwenye mgongo wa nguvu alikuwa anasukuma mpini wa kisima, na maji yalikuwa yanatoka kwa vishindo, yakijaa ndoo na kumwagika kwenye miguu ya mbuzi. Sikuona jiwe wala maandishi popote. "Dada," nikamwambia, "kisima hiki ni cha nani?"

Akacheka mpaka akaachia mpini. "Cha nani tena? Kisima si cha kunywa? Hebu shika ndoo hiyo unisaidie, badala ya kusimama hapo kama mgeni rasmi."

Nikambebea ndoo mpaka mlangoni kwake. Tulipopanda tena, Shukrani alisema maneno ambayo nimejaribu kuyaandika kama nilivyoyasikia. "Umeona, baba, kwamba bondeni hakuna anayepiga makofi. Mikono yao ina kazi. Ukipewa kitu kizima unakitumia, na matumizi yako ndiyo ahsante yangu. Ukipewa kitu kitupu, hapo ndipo wanapokudai makofi, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya nacho. Mimi nina ndugu yangu tuliyelelewa naye nyumba moja, jina lake Swali. Kokote tulikokwenda alitangulia yeye, mimi nikamfuata. Yeye hugonga mlango na kuchungulia, na mimi huingia nikakaa. Huku wametutenganisha. Mimi wamenivalisha jina tu, na yeye wamemwambia asubiri nje."

Tukafika kwenye nyumba kubwa ya mviringo iliyokuwa baraza la nchi ile. Mlangoni, chini kabisa, alikuwa amekaa mwanamke mdogo wa umbo, miguu yake na vumbi la safari ndefu, macho makali yasiyo na hasira. Nikajua ndiye Swali. "Wameniambia nitapewa nafasi shughuli ikiisha," akasema, "na shughuli zao haziishi. Ukiingia, baba, angalia viti vimeelekea wapi." Nikaingia. Ndani kulikuwa na viti vya madaraja, na juu yake walikaa watu wa heshima, waliochaguliwa na nchi nzima wawe macho yake. Zamani, Shukrani aliniambia, viti vile vilielekea madirishani, ili kila aliyekaa aione nchi yote, barabara inapokatika na maji yanapokauka. Sasa madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa picha kubwa za rangi: picha ya daraja, picha ya shule, picha ya kisima. Wazee wale walikuwa wanakagua picha. Mmoja alisogea akaigusa picha ya bomba kwa kidole, akakitazama kidole, akakuta ni kikavu. Akataka kusema jambo, lakini sahani ya sambusa ikapitishwa mbele yake, akaketi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka na wamekaribishwa vizuri mno. Na katikati yao kilikuwepo kiti kimoja kisicho na mtu, ambacho bado kilikuwa kimegeuzwa kuelekea dirishani.

"Cha mkeo hicho!" ikanguruma sauti ya ukarimu, na Ubadhirifu mwenyewe akaja kunikumbatia. Nilikuwa nimetegemea kukutana na mtu wa kutisha. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mashavu laini, amevaa makoti matatu kwenye joto lile, na nyuma yake mtumishi alimshikia mwavuli ingawa tulikuwa ndani ya nyumba. Alichukua chungwa akaling'ata mara moja akalitupa, akachukua lingine. Kando yake alisimama Shamrashamra, mwanamke wa kung'aa, ngoma ndogo kwapani na mto wa hariri mkononi, na juu ya mto palikuwa na mkasi. "Mzee wangu," alisema Ubadhirifu, "pole, pole sana. Tulimpenda. Alitusumbua, lakini tulimpenda. Watu wanatusingizia kwamba tunaiba. Sisi hatuibi, baba. Kuiba ni kazi ya watu wenye haraka. Sisi tunamwaga tu." Akacheka, na tumbo lake likacheka naye. "Njoo uone tulivyomkumbuka."

Alinitoa kwa mlango wa nyuma, na hapo palikuwa na jiwe jeusi refu kama nyumba, na jina la Perisi juu yake kwa dhahabu, kila herufi kubwa kunishinda mimi. Chini ya jiwe palikuwa na bomba moja la kung'aa, na mbele ya bomba utepe umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Moyo wangu ukayeyuka. Nikamwambia Shukrani, "Mama, tazama. Upepo hautaweza kulifuta hili." Mikono yake ilikuwa imeanza kukauka. Shamrashamra akapiga ngoma, uwanja ukajaa watu, na mkasi ukawekwa kiganjani mwangu, mwepesi, mtamu kushika, kama ule ninaoutumia kazini. Nikausogeza kwenye utepe, na kwa mazoea ya fundi nikaushika kwanza kwa vidole ili nijue unene wa kitambaa. Haukuwa utepe wa dukani. Kilikuwa kipande kirefu cha kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kile alichokuwa anavaa Perisi kwenda vikaoni, na pembeni mwake niliona pindo nililolishona mimi mwenyewe, mishono yangu midogo iliyoegemea kushoto. Walikuwa wamelichana vazi lake kupata utepe.

"Kata, mzee," alisema Ubadhirifu. "Watu wanangoja."

Nikauteremsha mkasi. "Kwanza, samahani bwana," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo mno, "nina kiu. Naomba nikinge maji kidogo."

Ngoma ikanyamaza. "Maji?" akasema Shamrashamra, kana kwamba nimetamka neno la matusi mbele ya wakwe. "Baada ya kukata, baba. Kwanza utepe, halafu hotuba, halafu chakula. Maji yako kwenye ratiba."

"Huna shukrani!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka kwenye umati, na wengine wakapokea, huna shukrani, huna shukrani, midomo yao ikitoa damu pale ilipopasuka. Nikatazama pembeni kumtafuta kiongozi wangu, nikaona amesimama karibu nami, na mkononi mwake ameshika kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu uliobanduka. "Mimi sijasema hivyo," alisema taratibu. "Wanayemtaja siye mimi. Kinga, baba." Nikakichukua kikombe, nikapita chini ya utepe bila kuukata, nikafungua bomba. Likakohoa. Likatetemeka. Kisha zikatoka sauti za makofi. Makofi yalitiririka kutoka bombani, mengi, ya furaha, yakajaa kikombe na kumwagika miguuni pangu, na nilipokipeleka kikombe mdomoni hapakuwa na hata tone.

Nikasimama pale na kikombe kikavu, aibu na huzuni vimenijaa. Ndipo nilipouona mstari wa wanawake wenye ndoo, ukianzia nyuma ya jiwe ambako kutoka jukwaani hauonekani, ukaenda mbali hadi kwenye mchanga wa mto. Walikuwa wanawake wa Chinyika, niliwatambua, wengine nimewashonea nguo za harusi za mabinti zao. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lile jiwe, na kivuli kile ndicho kitu pekee jiwe lilichowapa. Na mwisho wa mstari, ndoo yake imegeuzwa na yeye amekaa juu yake, alikuwa Perisi. Hakuwa amevaa dhahabu wala nguo nyeupe. Alivaa gauni la nyumbani, miguu mitupu, anajipepea kwa ukosi. Alinitazama kama alivyonitazama kila jioni kwenye meza yetu, jicho moja limecheka kabla ya jingine.

"Baba Lameki," akasema. "Umeonja?"

Nikataka kumkimbilia. Lakini Swali alikuwa ameinuka mlangoni na kuja mpaka tulipo, akasimama kando ya ndugu yake, na walipogusana mikono ya Shukrani ikapata unyevu tena. Nyuma yao niliwasikia wazee wa baraza wakiburuza viti. Sijui vilielekea wapi, maana sauti ile ya kuburuza ilikua na kuwa kubwa, ikawa sauti ya kiti kimoja tu kikivutwa kwenye sakafu ya saruji, na sauti nyingine ikasema, "Shemeji. Shemeji, amka, chakula kinapoa."

Jua lilikuwa limeshuka na kuingia mlangoni. Merina alikuwa ameweka meza: ugali wa uwele na mlenda, kama dada yake alivyokuwa akipika. Nikanawa, nikakaa, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaenda kwenye kopo la chumvi. Ukaishia hapo. Nikamega tonge, nikachovya, nikaonja. Chumvi ilikuwa imetosha.

"Vipi?" Merina akaniuliza. "Mbona unalia? Mlenda umeungua?"

"Mlenda ni mzuri," nikasema. "Ahsante, Merina. Ahsante na kwa lile swali la mchana."

Akanitazama kwa mashaka. "Leo umelala vibaya."

Nikamsimulia yote, na nilipokuwa namsimulia ndipo maana ikaniingia. Mchana ule nilimwambia Merina tuwe na shukrani nikiwa sijaonja kitu. Perisi alikuwa mtu wa shukrani kuliko wote niliowajua. Alimshukuru dereva, alimshukuru mpishi, alilishukuru hata bomba lilipotoa maji, akiligonga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe. Lakini alionja kwanza. Kwa miaka yote ile nilidhani kikombe chake na swali lake la mezani ni mambo mawili, moja la kazini na jingine la kunitania. Na niliona jambo jingine ambalo limenipa faraja kubwa: kwamba hakuwa peke yake. Iko kamati. Wako watu ambao nchi imewapa viti na magari ili waende wakaangalie kwa niaba yetu, na wengi wao walilia kwa kweli siku ya mazishi. Nawashukuru kwa kuja kwao. Ningewakosea sana kama ningewafunika macho kwa jina la mwenzao.

Kabla giza halijaingia nikampigia mtendaji simu. "Jiwe ni zuri," nikamwambia. "Nashukuru kwa moyo wote. Lakini halitasimama Chinyika mpaka maji yatoke."

"Mzee Yoeli! Turubai zimeshakodiwa."

"Zifungwe tu. Kamati itakagua ikiwa kivulini."

"Mzee, utatuaibisha."

"Simwaibishi mtu, Chilewa. Mwambie mwenyekiti wa kamati kwamba nitakuwepo, na kikombe cha mwenzao ninacho."

Nilisikia mbwa wakibweka kwake, na mtoto akiitwa kuoga. Kisha akasema, kwa sauti isiyo ya ofisini, "Unajua, mzee, hiyo pampu hata mimi mwenyewe sijawahi kuiona."

"Basi tutaiulizia pamoja," nikasema.

Merina amelifunga jiwe tena kwa magazeti yake, liko nyuma ya cherehani. Mkoba wa Perisi niliufungua leo asubuhi kwa mara ya kwanza, nikakikuta kikombe mahali pake, nikakiosha. Alhamisi kamati inakwenda Chinyika, na kikombe nitakibeba mimi.